Mtu Aliyekuwa Anaingiaga Kwenye Jiwe

Asubuhi niliyotoka Nyasura, pembeni mwa Bunda, sikuwa na safari yoyote kichwani. Niliamka, nikasikia mashine ya kukoboa mpunga niliyokuwa nafanyia kazi inawashwa na mwenzangu, na mlio wake ukanichosha kabla sijavaa viatu. Ulikuwa ule ule wa jana na juzi. Nikatia nguo kwenye begi, nikamuaga mwenye chumba, nikatembea hadi barabara ya lami. Kwa mtu asiye na safari, pale Bunda kuna kwenda Mwanza au kwenda Musoma. Nikaamua kwamba gari la kwanza kusimama ndilo litakalochagua. Likasimama gari la magodoro la kwenda Musoma. Dereva alikuwa hajalala, alitaka mtu wa kuongea naye asije akasinzia njiani.

Nimeishi hivyo tangu nilipoacha shule darasa la sita. Watu hudhani ilikuwa ada, au msiba. Ilikuwa dirisha. Darasa letu lilikuwa na dirisha moja lililotazama barabara, nami nilikuwa nimekalishwa upande wa ukutani. Nilikuwa nasikia magari yakipita bila kuyaona. Siku moja nikatoka kwenda kuangalia lori lililokuwa likilia vibaya mlimani, na sikurudi. Lakini kusoma sikuacha. Nasoma gazeti lililofungiwa maandazi, nasoma mifuko ya mbolea, nasoma matangazo ya minada iliyokwisha kupita.

Ndiyo maana mvua iliponikuta Musoma mjini, mvua ile ya ziwani inayokuja kwa kelele kabla haijaonekana, nilikimbilia kwenye maktaba. Mlinzi aliniuliza nimefuata nini. Nikamwambia kusoma. Akauliza kusoma nini, nikamjibu chochote kile, akanitazama begi, kisha akanipisha.

Nilikuwa nimefika katikati ya gazeti la wiki iliyopita nilipoona viti vinapangwa duara. Anayevipanga alikuwa mkutubi mwenyewe, mwanamke wa makamo aliyehamishiwa kutoka Tanga, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Ukutani alikuwa amebandika karatasi: Jioni ya Hadithi na Utamaduni kwa Watu Wazima, kila Alhamisi, saa tisa. Watu waliingia mmoja mmoja wakipangusa mvua, wakaketi, wakatazamana. Mkutubi akawakaribisha, akauliza nani ataanza. Hakuna aliyefungua mdomo.

Alisubiri. Akauliza tena, kwa upole. Mwishowe mzee mmoja, mstaafu wa kiwanda cha pamba, akajikohoza akamweleza kwamba tatizo ni saa. Kwetu hadithi haisimuliwi mchana. Ukisimulia mchana ng'ombe hawarudi zizini.

"Wangu saa hizi wako Majita wanachungwa," alisema mzee. "Wakipotea, dada, utakwenda kuwatafuta wewe?"

Mkutubi hakubishana naye. Maktaba hufungwa saa kumi na moja na funguo za usiku hana. Akaenda dirisha hadi dirisha akivuta mapazia, mapazia mazito ya rangi ya kahawia, kisha akawasha taa. "Haya," alisema. "Habari za usiku?"

"Usiku wenyewe una joto," mzee akamjibu, na watu wakacheka.

Lakini kucheka si kusimulia. Kimya kikarudi. Nami nina ugonjwa mmoja, siwezi kukaa kwenye chumba kilichofungwa ambacho watu wamenyamaza. Kinanikumbusha ule ukuta wa shule. Nikasikia sauti yangu inasema: "Palikuwa na mtu, alikuwa anaingiaga kwenye jiwe."

Hiyo ni hadithi ya bibi yangu mzaa mama. Mtu huyo alipotelewa na ng'ombe, jike moja jeupe lenye kengele shingoni. Akamtafuta nyikani, akamtafuta ufukoni, hadi jioni moja akasikia kengele inalia ndani ya jiwe, moja ya yale mawe makubwa ambayo kwetu yamekaa juu ya ardhi kana kwamba kuna mtu aliyeyapanga. Akaweka mkono juu ya jiwe, akaimba kuliomba limfungulie. Nikaimba wimbo wenyewe, kwa lugha ya bibi, na baadhi ya watu kwenye duara wakaitikia bila kuombwa. Jiwe likafunguka. Mtu akaingia. Jiwe likajifunga.

Hapo mlinzi akaja mlangoni akitikisa funguo. Saa kumi na moja. Mkutubi alifungua mapazia, mwanga ukatupiga usoni, tukatoka tukifinya macho kama watu waliotoka sinema.

Nilikuwa nimepanga kulala gesti karibu na stendi, kisha asubuhi nipande gari la Sirari, nikaone mpaka. Nje mwanamke mmoja alinisimamisha. Nilikuwa nimemwona kwenye duara. Ndiye aliyeitikia wimbo kwa sauti ya juu kuliko wote. Anakausha na kuuza dagaa Makoko, kando ya ziwa, mjane, watoto wake wameolewa na kuoa mbali. Aliniuliza nitalala wapi. Nilipomwambia, akatikisa kichwa. Alisema mtu mwenye hadithi ya watu halali gesti, akachukua begi langu, akajitwisha, akatangulia. Ningefanya nini? Nguo zangu zote zilikuwa zinakwenda Makoko juu ya kichwa chake.

Ugali wa muhogo na samaki furu wa kuchemsha vilikuwa mezani nilipomweleza kwamba kesho naondoka.

"Kwenda wapi?"

"Sirari."

"Kufanya?"

"Kuona."

Akanisogezea bakuli la mchuzi. "Mtu yumo ndani ya jiwe," alisema, "na wewe unakwenda kuona Sirari."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alinieleza kwamba hadithi ile mama yake alikuwa anawasimuliaga wakiwa wadogo, yeye na dada zake, baada ya kula, motoni. Na kila mara, jiwe linapojifunga, yeye alikuwa ameshalala. Asubuhi akimuuliza mama yake ilikuwaje, jibu ni lile lile, hadithi haisemwi mchana. Usiku mama anaanza upya kutoka ng'ombe kupotea, na usingizi unamchukua pale pale. Kisha mama akafariki. Dada zake nao walilala. "Mimi nimekaa na yule mtu ndani ya jiwe tangu nina meno ya utoto," alisema. "Alhamisi utamtoa."

Nilitazama mchuzi. Mimi nami, kila usiku, jiwe lilipojifunga nilikuwa nimelala.

Mtu wa mji mwingine angeuliza kwa nini sikuchukua begi langu nikaenda zangu. Asiyeijua Mara hajui kuaga kwetu. Begi la mgeni hukaa kwa mwenye nyumba, na langu lilikaa juu ya kabati chumbani kwa yule mama, nyuma ya sufuria za harusi. Mgeni haondoki mpaka aage, akishaaga haondoki mpaka aagwe, na akishaagwa husindikizwa. Mama yule alikuwa na njia ya kutoagwa. Asubuhi nikianza, "Mama, mimi nadhani," alikuwa ameshatoka kwenda kugeuza dagaa juani. Nikimfuata mchangani ananipa upande mmoja wa wavu tuukunjue. Jioni nikianza tena ananiuliza kama nimeshiba. Jumapili nilimwahi mlangoni kabla ya kanisa, akanikabidhi kitabu chake cha nyimbo nimshikie, tukaenda.

Alhamisi ikafika. Mapazia yakavutwa. Watu walikuwa wameongezeka. Mkutubi alifungua kwa kuwakumbusha, kwa Kiswahili chake kile, "Tulimwacha mtu aliyeingia ndani ya jiwe, na jiwe likamfungia." Macho yote yakanigeukia, na nikaona katika macho yale kitu nilichokuwa sijakiona juma lililopita. Nikawauliza ni wangapi wanaijua hadithi hii. Mikono mingi. Ni wangapi wanajua mwisho wake? Walitazamana. Mzee wa pamba akakiri kwamba hata yeye huishia jiweni. Mama mmoja akasema hadithi zote anazozijua, si hiyo tu, anazijua hadi katikati. Tulikuwa chumba kizima cha watu waliolala.

Basi nikatunga. Mimi si mtu wa kushindwa kuongea. Nilisema fisi alichimba chini ya jiwe usiku kucha, mtu akatokea kwenye shimo. Wakasikiliza hadi mwisho, kisha mzee akauliza wimbo uko wapi. Kwetu jiwe lililofunguliwa kwa wimbo haliwezi kufunguliwa kwa kucha. Alhamisi iliyofuata nikaleta wimbo, na mtakatifu mmoja wa kuuimba, mzee akaniambia nisiingize watu wa kanisa, wakati huo walikuwa hawajafika kwetu. Iliyofuata nikamtoa mtu kwa radi. Mama wa Makoko alitazama chini, akakusanya kanga yake, na njiani kurudi nyumbani alitembea mbele yangu bila kugeuka.

Mzee alianza kuniita mfungwa. Tukikutana sokoni ananiuliza mbele za watu nimebakiza kifungo kiasi gani. Wauza nyanya wakalidaka neno lake, likawa jina langu. Hata watu wasiokanyaga maktaba walikuwa wananisimamisha: yule mtu vipi, bado?

Nilijaribu njia nyingine. Nilishinda maktaba siku zisizo za hadithi, nikasoma kila kilichokuwa kwenye rafu za ngano za watu wa maziwa. Nilimkuta sungura, nilimkuta fisi, jiwe langu sikulikuta. Nilipiga simu kwa mjomba. Alisema anakumbuka kengele. Siku zile nilijifunza kwamba mtu anaweza kufungwa bila mlango. Ziwa liko mbele yako, wazi hadi macho yanaishia, maboti ya kisiwa cha Rukuba yanatoka asubuhi yakiwa na nafasi, barabara ya Sirari iko nyuma yako, na wewe unakaa juu ya mwamba unafukuza kunguru kwenye dagaa wa mtu mwingine. Usiku nilikuwa nalala chali, naona dari inashuka. Nilikuwa namfikiria yule mtu kuliko nilivyowahi kumfikiria mtu aliye hai. Anakula nini mle? Kengele anaisikia bado, au ng'ombe naye amelala?

Siku moja niliamua kuondoka bila begi. Nilifika hadi stendi, nikapanda gari, nikakaa dirishani. Konda aliponifikia aliniuliza, "Wewe si ndiye wa jiwe?" Nikashuka.

Alhamisi ya mwisho kulikuwa na watu wapya, ikabidi nianze upya. Nilianza bila nguvu, kama mtu anayesoma bei. "Palikuwa na mtu, alikuwa anaingiaga kwenye jiwe."

Mkutubi akainua mkono kama mwanafunzi. "Samahani, kaka. Naomba kuuliza kitu kabla hujaenda mbali. Tangu nihamie hapa mnanipiga na hiyo 'ga'. Anasemaga, anakujaga. Kwetu Tanga haipo. Inafanya kazi gani?"

Watu walicheka kidogo, kwa aibu, jinsi mtu anavyocheka akionyeshwa doa kwenye nguo aliyoizoea. Mzee alisema ni tamko tu, halina kazi. Mkutubi akamwambia hakuna mtu anayebeba mzigo usio na kazi kila siku. Ndipo mama wa Makoko akajitolea kumweleza.

"Mimi nikisema nauzaga dagaa," alisema, "si kwamba niliuza jana. Nauzaga."

"Kila siku?"

"Kila siku ninayopata."

"Ukiuza unarudi nyumbani?"

"Sasa nisiporudi, kesho nitauzaje?"

Alikuwa ametabasamu, kisha tabasamu likabaki pale bila yeye. Alinigeukia. Aliniomba nirudie nilichosema mwanzo, vile vile.

"Palikuwa na mtu, alikuwa anaingiaga kwenye jiwe."

"Anaingiaga," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mtu hawezi kuingiaga kama hatokagi."

Sentensi ile nilikuwa naisema tangu utoto. Hata kwa lugha ya bibi kile kitenzi kilikuwa na mkia huo huo. Nilikuwa nimeuvusha kuja kwenye Kiswahili bila kuuona, kama mtu anayevuka mpaka na mbegu iliyonasa kwenye soksi. Tulikuwa tunadhani mwisho uko baada ya jiwe kujifunga. Ulikuwa umesemwa kabla hata ng'ombe hajapotea, wakati watoto wote wako macho.

Chumba kikaamka. Sikusimulia mimi tena, walisimulia wao. Mmoja alisema basi lazima kuna sababu ya kurudi mle kila mara. Mwingine akasema ng'ombe, ng'ombe ndiye hatoki, pembe zake zimeuzidi mlango kwa upana. Mama wa Makoko akasema kama ng'ombe hatoki, mtu anakwenda kumkamua. Anaimba jiwe linafunguka, linajifunga nyuma yake, anakamua, anaimba tena, anatoka na kibuyu. Kila siku. Mwanamke mmoja wa nyuma aliuliza kuhusu ndama, wakabishana kuhusu ndama hadi mzee akawanyamazisha.

"Kwa hiyo," mzee alisema, "miaka yote hii sisi tunamlilia, yeye yuko sokoni anauza maziwa."

Nilikuwa sijawahi kusikia maktaba inacheka vile. Mkutubi alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema sasa ameelewa: kila neno letu linaaga, anaondokaga, anatokaga, lakini hakuna anayekwenda mahali.

Mlinzi alikuja na funguo zake. Tukaimba wimbo mara ya mwisho tukiwa tumesimama, mapazia bado yamefungwa, na safari hii waliuimba kama wimbo wa kutoka. Nilikuwa nimeusikia daima kama wa kuingia. Maneno ni yale yale.

Asubuhi yake begi lilikuwa mezani. Limepanguswa vumbi. Ndani, chini ya nguo zangu zilizofuliwa, kulikuwa na mfuko wa dagaa wakavu waliotolewa vichwa. Kwa siku nyingi nilikuwa nimeandaa maneno ya kuaga, na yaliyotoka ni yale ya kila asubuhi.

"Mama, mimi nadhani," nilianza.

"Najua."

Alinisindikiza hadi lami, begi kichwani kwake, kama siku ile ya kwanza. Tulipita kwenye yale mawe makubwa ya njiani na nikamwona anayatazama, moja baada ya jingine, kama anayewasalimia majirani. Barabarani alilishusha begi lakini hakulitoa mkononi.

"Mwanangu, mimi sikwambii uondoke," alisema.

"Sasa mama."

"Nakwambia uwe unaondokaga."

Kisha akanikabidhi, akageuka, dagaa walikuwa wanamsubiri.

Sikwenda Sirari. Lililosimama lilikuwa lori la mawe ya kujengea. Mtu aliyekuwa anajenga Butiama alikuwa anayasubiri, na dereva alitaka mtu wa kusaidia kuyashusha. Nilikaa juu ya mzigo, upepo usoni, ziwa likipungua nyuma yangu hadi likawa mstari, kisha likawa mwanga tu. Nilingoja ile furaha ninayoijua ya kuondoka. Ilikuja, lakini haikuja peke yake. Kulikuwa na kitu kinachovuta kutoka nyuma, chepesi, kama uzi ulionasa kwenye msumari wa nyumba ya mtu. Tulipopita Makutano nilijikuta nahesabu ni siku gani. Ilikuwa Ijumaa.

Tulishusha mawe hadi jasho likaisha. Butiama sikuwa nimewahi kufika, nilikuwa nikipita njia panda tu na kuona kibao chake. Kuna ubaridi kidogo kule, na migomba, na mawe nayo, ila ya kule yamejificha kwenye majani. Mwenye nyumba inayojengwa alinielekeza kwa mwanamke mmoja anayepangisha vyumba vya nyuma, mlango wa bluu.

Nilimkuta anapepeta mtama uani. Nikamwamkia, akaitikia bila kuacha ungo. Alinitazama begi, akanitazama viatu, akanusa dagaa.

"Unakaa, au unapita?"

"Napitaga."

Ungo ukasimama. "Unapitaga hapa? Mbona mimi sijawahi kukuona?"

"Nimeanza leo, mama."

Aliweka ungo chini, akaenda ndani akarudi na ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha kandambili. Alinionyesha chumba. Kilikuwa na kitanda, msumari wa kutundikia nguo, na dirisha moja linalotazama njia. Aliniambia komeo linakwamaga kwa ndani. Nikikwama nisilisukume, nimwite tu, atakuja kunifungulia.

Nikamwomba anisaidie kuweka begi langu mahali pazuri. Akalichukua, akaenda nalo chumbani kwake.